Mvua Imekatika, Homa Ndiyo Inaanza (Sehemu ya 4)

Leo naongelea mvua, na msiseme nesi kahamia Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Msimu uliopita mama mmoja wa hapa Ntalikwa alileta mtoto, homa siku ya tatu. Mbona umechelewa? "Nesi, mvua si ina wiki tatu haijanyesha? Malaria itoke wapi?" Tukapima, malaria. Mtoto alipona, ila degedege lilishamshika njiani.

Hebu tuhesabu. Mvua inanyesha, maji yanatuama kwenye nyayo za ng'ombe na mbugani kwenye mpunga. Yai mpaka mbu mzima, wiki moja hadi mbili. Mbu akinyonya vimelea, vinakaa ndani yake siku kumi hivi au zaidi kabla hajaweza kuambukiza. Akimuuma mtoto, homa inakuja baada ya wiki moja au mbili. Yaani homa ya leo ni mvua ya mwezi uliopita.

Ndiyo maana sikubaliani na haya mazungumzo ya "mwaka huu mvua nzuri" basi. Kadi ya kliniki si unaijua? Kilo za leo peke yake hazinisaidii, naangalia mstari: unapanda, umelala au unashuka. Mvua nayo ina mstari. Tabora tuna msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, na katikati hapo jua linaweza kukaa siku nyingi mfululizo. Misimu miwili inaweza kufikisha milimita 900 yote, mmoja ukanyesha kidogo kidogo, mwingine ukamwaga kwa siku chache. Mahindi hayatakuwa sawa. Mbu nao hawatakuwa sawa (mvua kubwa mno husomba viluwiluwi vyao). Jumla ya mwaka inaficha yote hayo.

Mimi nataka kila zahanati iwe na daftari la mvua kando ya rejesta ya malaria, na mstari wake uchorwe ukutani akina mama wauone. Nyumbani pia inawezekana: kopo lililonyooka pembeni, mbali na mti na bati. Saa 3 asubuhi pima kina kwa rula, andika milimita, mwaga. Siku kavu andika 0, jamani! Ukiiacha wazi, baadaye hutajua ni jua au ulisahau. Jumlisha siku saba saba, vilima vitaonekana.

Homa ni kipimo siku hiyohiyo, mwaka mzima. Lakini ukiona kilima, hesabu wiki nne mbele, weka alama kwenye kalenda, shona chandarua kilichochanika kabla haijafika. Mjamzito, dozi yako ya SP usiiruke.

Daftari langu limeanza. Nani ana kopo tupu la maziwa ya unga?