Pesa zimefika, lakini mama yu hali gani?

Je, msomaji, ni lini ulipoongea na mama mara ya mwisho bila ya kutaja pesa?

Zamani tulimkabidhi dereva wa basi bahasha, na ndani mlikuwa na barua ya kuulizia hata mbuzi kama amezaa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, noti hufika kijijini kufumba na kufumbua. Barua ndiyo iliyopotelea njiani.

Sasa, ni nani anayemfungulia mama simu? Macho ya wazee wengi yamefifia, na nambari ya siri huijua kijana wa jirani. Wewe watuma shilingi 1,500 za dawa, mkononi mwake zafika 1,200, naye anyamaza. Anyamaza kwa kuwa kijana huyo ndiye anayemtekea maji. Utamlaumu?

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na serikali pia. Lakini mzee hatakushtaki. Ukimuuliza hali, atakujibu, "Sisi hatujambo, ninyi je?" Basi usiulize hali. Uliza jana jioni alikula nini, vidonge vya presha vimebaki vingapi, na nani alimtembelea wiki hii. Akijibu kwa mkato, mpigie jirani mwingine.

Na utakapokwenda Desemba, kabla hujaketi, ingia jikoni utazame kuna unga kiasi gani.