Samaki wa Lualaba na nadharia ya dola

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, familia za Maniema huhesabu faranga na kuulizana mtoto asome nini. Akisema udaktari au kilimo, wazee hukubali haraka. Akisema sayansi ya siasa au sosiolojia, huulizwa atakula nini. Swali hilo lina mashiko. Anayetoka Lokandu kwenda Kindu bado anautegemea mto Lualaba kuliko barabara, na akiwa na mgonjwa mtumbwini hahitaji mtu wa kumfafanulia Rousseau. Hata hivyo, wanaotaka vitivo vya sayansi ya jamii vifungwe hawajagusa palipo na ugonjwa. Kongo haijaumizwa na wingi wa nadharia. Imeumizwa na nadharia inayofundishwa kana kwamba Lokandu haina cha kuiuliza.

Tuchukue fedha, jambo ambalo hakuna nadharia ya jamii inayoweza kulikwepa. Nani anaipa thamani, na kwa nini mtu aikubali? Mwaka 1984 mtafiti Mjapani, Yuji Ankei, alichapisha katika mfululizo wa Makumbusho ya Taifa ya Etnolojia ya Osaka uchunguzi wake juu ya masoko ya Wasongola, watu wa kando ya Lualaba. Wavuvi walileta samaki, wakulima wakaleta mazao ya shamba, wakabadilishana bila noti kupita mikononi mwao, na samaki akafanya kazi ya fedha. Masoko ya namna hiyo si mageni katika mto huu. Livingstone aliyakuta Nyangwe mwaka 1871. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba yalizaliwa na ubovu wa Zaire. Lakini kumbuka kilichotokea Desemba 1979: serikali ya Mobutu ilifuta ghafla noti za zaire 5 na 10, na waliokuwa mbali na benki wakabaki na makaratasi. Samaki hafutwi kwa amri. Mtu aliyeendelea kupima mihogo yake kwa samaki baada ya siku hiyo alikuwa anatoa hukumu juu ya dola, hata kama hakuwahi kusikia jina la mwanafalsafa yeyote. Kozi ya nadharia ingeweza kuanzia hapo, kisha ikamwendea Marx ikiwa na swali mkononi.

Kinachotokea mara nyingi katika vyuo vyetu ni kinyume chake. Profesa huuza silabusi, mwanafunzi huinunua (asiyeinunua huwa na sababu ya kuogopa mtihani), huikariri, huirudisha kama alivyoipokea. Plato kwanza, Montesquieu baadaye, Weber muda ukibaki. Aliyefundishwa hivyo anaweza kupata cheti bila kuweza kueleza kwa nini mahali fulani panaitwa sekta na jirani yake panaitwa usultani, yaani eneo la chifu. Na hilo si jambo dogo. Amri ya Mfalme Leopold ya mwaka 1891 ndiyo iliyoanza kuwatambua machifu kisheria. Ya mwaka 1910 ikaigawa nchi katika maeneo ya machifu. Ya mwaka 1933 ikaunda sekta, kwa kuunganisha jamii ndogo ndogo ambazo hazikuwa na chifu mmoja. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya raia na mtawaliwa, alionyesha kwamba mengi tunayoyaita mila ya utawala yalifinyangwa na mkoloni ili atawale kwa gharama nafuu. Sheria ya mwaka 2008 imeviacha vyote viwili, sekta na usultani, na kuagiza kwamba mkuu wa sekta achaguliwe na baraza lake. Uchaguzi wa mabaraza ya sekta haujafanyika. Ardhi nayo iko hivyo hivyo: sheria ya mwaka 1973 iliahidi amri ya rais itakayoeleza haki za wanavijiji juu ya ardhi wanayoikalia, na amri hiyo haikutoka. Kijana anayeyajua haya hawezi kuuchukulia ugomvi wa shamba kuwa ni chuki ya makabila tu.

Pingamizi zito kuliko la kazi ni hili: wasomi wa nadharia wamewahi kupewa nafasi, na tuliona. Chama cha Mobutu, MPR, kilikuwa na chuo chake cha itikadi, Makanda Kabobi, kilichoanzishwa mwaka 1974, na hakikukosa wasomi wa kuupamba Umobutu. Na Kindu ilipotekwa na waasi wa RCD Oktoba 1998, kiongozi wa kisiasa wa uasi huo alikuwa Ernest Wamba dia Wamba, mwalimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa ameandika kwa kina juu ya mbongi, baraza la kijiji ambamo kila mtu ana haki ya kusema. Sitamtetea. Lakini angalia kilichoanguka: mwenye nadharia ya baraza alikwenda kuongoza jeshi ambalo hakulidhibiti, na kufika Mei 1999 wenzake wa Goma walikuwa wamemwondoa. Raia wa Kindu hawakuwa na mahali pa kumuuliza vitabu vyake vinasemaje juu ya bunduki zile. Nadharia yake ilikosa wasikilizaji wenye uwezo wa kuibana, na wasikilizaji wa namna hiyo hawapatikani kwa kufunga vitivo. Mobutu mwenyewe alijua hatari iko wapi: wanafunzi walipigwa risasi Kinshasa tarehe 4 Juni 1969, wa Chuo Kikuu cha Lovanium wakaingizwa jeshini kwa nguvu mwaka 1971.

Kuhusu kazi, nakubali nusu. Nafasi za sayansi ya siasa zinaweza kupunguzwa bila nchi kupoteza kitu, kwani kitivo si chumba cha kusubiria ajira ya serikali. Ila mhandisi naye hatajenga barabara ya Lokandu kwa fedha ambazo hazifiki. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 175, inazipa provensi asilimia 40 ya mapato ya taifa. Kuuliza kwa nini mgao huo hautimizwi ni kazi ya siasa, na inahitaji mtu aliyejifunza kuifanya.

Watakaobaki kitivoni wapewe mtihani mgumu zaidi. Kazi ya kumaliza masomo itokane na soko moja, daftari moja la kodi, au kesi moja ya ardhi. Iandikwe kwa Kifaransa kama chuo kinavyotaka, lakini itetewe pia kwa Kiswahili katika ofisi ya sekta, mbele ya wavuvi, wauza mchele na chifu mwenyewe. Wapo watakaosema lugha haitatosha. Magazeti na vyama vya Tanzania vilibishana juu ya ubepari, tabaka na itikadi kwa Kiswahili tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, na Katiba yetu inakitambua kuwa lugha ya taifa. Kisha nakala moja ibaki ofisini hapo, na kama wauza mchele wameonyesha kwamba mwandishi hakuelewa kodi wanayotozwa, alama zake zipunguzwe.