Kobe amtia mchecheto Bwana Umeme

Leo naomba tuyaweke pembeni mapenzi ya kwenye daladala, tuongee habari za betri. Eh, usiruke ukurasa! Najua unataka kukimbilia michezo, lakini betri ninayoisema nusura ivunje ndoa ambayo hata kufungwa haijafungwa. Kaa mkao wa kula nikupe mkanda mzima.

Mhusika ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, mkazi wa Tabata. Ana kifremu cha spea pale Gerezani, Kariakoo. Mchana kutwa anawauzia watu oili filta na plagi, jioni anarudi nyumbani na gari ambalo halina hata kimoja kati ya hivyo. Gari lenyewe ni Nissan Leaf ya mwaka 2013, mtumba wa Japani, linakwenda kwa umeme mtupu. Masela wa kijiweni wakambatiza jina la Bwana Umeme, na mwenyewe akalipenda.

Mwanzoni jamaa alitesa kweli kweli. Gari halingurumi, halitoi moshi, linapita kijiweni kama paka. Sheli anaipungia mkono tu. Usiku anachomeka ukutani, asubuhi huyoo, Kariakoo. Wenye magari ya petroli wakawa wananuna kimoyomoyo.

Ila kulikuwa na tatizo moja. Gari hilo lilipotoka kiwandani, betri yake ilikuwa na uwezo wa yuniti 24, hizi hizi yuniti unazonunua kwenye LUKU. Makaratasi ya Kijapani yanasema ikijaa inakwenda kilomita 228. Wamarekani, ambao kipimo chao hakina masihara, Leaf ya mwaka huo waliipa maili 75, yaani kilomita 120 hivi. Na hiyo ni mpya!

Ya Bwana Umeme imekula zaidi ya miaka kumi. Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri, kwake vimebaki vinane. Kijistari cha kwanza hupotea betri ikishapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni asilimia sita na ushee. Piga hesabu mwenyewe: theluthi nzima ya betri imekwenda na maji. Kilichobaki kinampa kilomita 90 za mjini, AC ikiwa imezimwa na mguu ukiwa mwepesi.

Basi, likaja la kuja. Siku hiyo tulikuwa na msiba Kibaha. Tukapakiana: yeye, mama mkubwa, mie, na mashangazi wawili wenye miili ya heshima. Wakati tunaondoka Tabata nilipiga chabo kwenye dashibodi, nikaona imeandika kilomita 58. Nikauliza, "Braza, tutarudi kweli?" Akanijibu, "Dogo, wewe andika magazeti, gari niachie mimi."

Kwenda tulikwenda. Kurudi ndiyo ikawa kasheshe. Giza limeingia, mvua inanyesha, vioo vimejaa ukungu, akawasha AC. Tulipokaribia Kimara gari likaanza kunyong'onyea, na kwenye dashibodi kikatokea kipicha cha kobe. Sikutanii, Wajapani wameweka kobe mle ndani! Ukimwona kobe, maana yake betri imefika ukingoni, gari linapunguziwa nguvu, utatambaa kidogo halafu basi. Tukatambaa. Halafu ikawa basi.

Mama mkubwa ana presha, miguu inavimba akikaa sana. Tulimkalisha kwenye benchi la muuza chipsi, kitenge cha msiba kimelowa chapachapa, akawa anamwangalia mwanawe bila kusema neno. Angemfokea ingekuwa afadhali. Gari likaja kubebwa na gari jingine, la dizeli, linatoa moshi mweusi tii. Nadhani hicho ndicho kilichomuuma kaka kuliko vyote.

Kuanzia usiku huo akawa haishi kuongelea betri. Akatafuta fundi, fundi akamwambia dawa ipo: ng'oa ya yuniti 24, weka ya yuniti 40 iliyotoka kwenye Leaf mpya zaidi, zile za kuanzia mwishoni mwa 2017. Inakaa kwenye nafasi ile ile chini ya gari, ila lazima kiwekwe kidude cha kutafsiri kati ya betri na kompyuta ya gari, maana gari kuukuu halijui lugha ya betri mpya. Bei, kazi na kila kitu: milioni 15.

Na milioni 15 anazo! Ndiyo ubaya wenyewe. Ila katika hizo, tisa ni za posa, mahari na shughuli. Sita ni za shemeji, mchumba wake, mwalimu wa chekechea, akiba ya miaka minne ya upatu aliyomkabidhi kaka watafutie kiwanja Chanika. Shemeji kwao Morogoro. Kaka akawa na hoja yake: "Dogo, nitakwendaje ukweni na gari lisilofika Chalinze? Nataka niingie Morogoro kwa gari langu, wajomba zake wanione." Kwa Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo mjomba ni mtu mzito, huendi kwake kienyeji.

Shemeji aliposikia, hakupiga kelele. Alisema maneno machache tu: "Baba, hizo sita ni za kiwanja. Ukizichomeka kwenye gari, tutaishi ndani ya gari?" Halafu akaacha kupokea simu. Siku tatu!

Hapo ndipo kaka akanifuata mie, mtaalamu wa kutatua matatizo ya watu huku yangu yamenishinda. Sikumpa ushauri. Nilimpa daftari. Nikamwambia, "Braza, wiki mbili, kila jioni andika umekwenda kilomita ngapi. Halafu tuongee."

Daftari likarudi. Siku za kawaida, Tabata, Kariakoo, Tabata, na mizunguko ya kumfuata mteja, kilomita 30 mpaka 45. Siku iliyozidi zote, 71. Hakuna hata siku moja iliyofika 90. Nikamuuliza, sasa ile siku ya kobe ilikuwaje, maana Kibaha kwenda na kurudi ni kama kilomita 60 tu? Akakuna kichwa. Akasema usiku wa kuamkia msiba alinunua LUKU ya elfu tano. Mita ikakata kodi ya jengo kwanza, zikabaki yuniti kama kumi. Friji ikala zake, feni ikala zake, gari likala zilizobaki, saa nane za usiku umeme ukaisha wote wamelala.

Umeona mambo hayo, msomaji? Gari halikuzimishwa na udogo wa betri. Lilizimishwa na LUKU ya elfu tano! Dawa yake ilikuwa elfu tano nyingine, siyo milioni 15. Lakini mtu akiaibika mbele ya mama yake hapigi hesabu, anatafuta kitu kikubwa cha kununua ili aibu iondoke.

Usidhani haya ni ya kwetu tu. Mwaka 2016 kule Marekani kampuni ya Tesla iliuza gari aina ya Model S 60 ambalo ndani lilikuwa na betri ya yuniti 75. Zilizozidi zilifungwa kwa kompyuta, ukitaka zifunguliwe, unalipa. Septemba 2017 kimbunga Irma kilipokuwa kinakwenda kuipiga Florida, kampuni ikawafungulia wenye magari ya aina hiyo kwa muda, bure, wapate kukimbia. Mwaka 2024 bosi wake, Elon Musk, akatangaza kwamba kuna Model Y ambazo zinaweza kuongezewa maili 40 mpaka 60 kwa kulipia dola 1,500 mpaka 2,000. Betri ile ile, gari lile lile! Nakubali, kuna siku kilomita ni roho ya mtu, kama siku ya kimbunga. Swali ni siku hiyo inakuja mara ngapi, na siku nyingine zote unalipia nini.

Tuje kwenye hoja ya ukweni. Dar mpaka Morogoro ni zaidi ya kilomita 190. Leaf ya yuniti 40 ikiwa mpya, Wamarekani waliipa maili 151, kilomita 243. Betri ya mtumba iliyobaki asilimia 85 inakupa kama 206. Toa mwendo wa barabara kuu, ambao unakula umeme kuliko foleni, toa AC, toa kupanda, maana Morogoro iko juu. Kaka angefika ukweni na kobe kwenye dashibodi.

Halafu arudije? Kwa soketi ya kawaida ya ukutani, betri hiyo inataka saa 17 na zaidi kujaa. Kwa hiyo unakwenda kuposa, unafika, badala ya kutoa barua unaomba soketi. Yuniti 40 kwa shilingi 356 hivi ni zaidi ya elfu 14 za LUKU ya mama mkwe, kabla hajakupa hata jina la mjomba. Posa gani hiyo?

Na wakati sisi tunabishana, umeme ulishafika Morogoro zamani. Treni ya SGR ilianza safari hizo Juni 2024, inakwenda kwa umeme, chini ya saa mbili umefika. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000. Watu wawili kwenda na kurudi ni 52,000. Nilimpigia kaka hesabu nyuma ya daftari lile lile: milioni 15 zinawapeleka yeye na shemeji Morogoro kila mwezi, kwenda na kurudi, kwa miaka 24. Akaitazama ile namba kama anaangalia matokeo ya fomu foo.

Sasa nisieleweke vibaya. Kuna wa kulipia, na alipie. Kama unaendesha teksi ya umeme, unapiga kilomita 150 kwa siku na kila mchana unapoteza abiria kwa sababu umesimama unachaji, betri kubwa ni mtaji. Kama betri yako imechoka mpaka haikutoshi kwenda kazini na kurudi, huna ujanja. Lakini hata hapo fanya mambo kwa akili. Kuna kidude kinachomekwa chini ya usukani, kinaongea na simu na kukuambia afya ya betri kwa asilimia. Kiombe kipimwe kwenye hiyo betri unayouziwa kabla hujatoa hata senti. Dai dhamana ya maandishi. Na fundi akikwambia atabadilisha vipande vibovu tu, kumbuka betri ile ina vipande 48 vilivyoshikana kama mnyororo, kilicho dhaifu ndicho kinachoamua safari. Ni kama betri za redio, kuchanganya mpya na kuukuu.

Kama hulipii, basi itunze uliyonayo. Bibi zetu walikuwa wanaanika betri za redio juani zipate nguvu. Hizi za gari ukizianika umeziua! Betri ya Leaf za aina hii haipozwi kwa maji wala kwa feni, joto ndilo adui yake namba moja. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, kwenye jangwa kule, walilalamika vijistari vinapukutika, mpaka Nissan ikaja kutoa dhamana ya uwezo wa betri. Na Dar nayo joto unalijua. Kwa hiyo paki kivulini, usiijaze mpaka juu halafu ukaiacha siku mbili juani, na usisubiri kobe ndipo uchaji.

Mwisho wa kisa? Kaka alikwenda kwa shemeji na lile daftari. Hakusema samahani, wanaume wa kwetu wagumu, alimwonyesha ukurasa wa hesabu tu. Shemeji akausoma wote, akacheka mpaka machozi, akapokea tena simu. Milioni sita zikarudi kwenye mpango wa Chanika.

Posa tulikwenda kwa treni, mie na kaka na mshenga, suti zetu hazina hata kunyanzi. Mjomba mtu akauliza, "Nasikia una gari la umeme, mbona silioni?" Kaka akajibu kwa adabu, "Mjomba, nimeliacha Tabata linachaji." Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Vizuri. Kijana anayejua gari lake linafika wapi, hawezi kunipotezea binti."

Mama mkubwa bado anapanda gari lile, lakini sasa kabla hajafungua mlango anauliza kwanza: "Mwanangu, LUKU umenunua?"

Na wewe je, kabla hujalipia ukubwa, umepima udogo wako? Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.