Mlango Usioujua Uso Wako



Wazazi na walimu wengi wametuuliza juu ya jambo moja. Kijana aketi mbele ya simu, ataka kuingia katika tovuti ya kuombea mkopo wa masomo. Au mwalimu ataka kuomba kazi. Aandika jina lake na neno lake la siri, na mlango wakataa. Aandika tena, wakataa tena. Siku ya mwisho ya kupokea maombi yakaribia, na nyumba nzima yaingiwa na hofu. Wengine hunena ya kuwa wamerogwa, wengine ya kuwa wenye ofisi wamekwisha kugawa nafasi kwa jamaa zao. Mwezi huu twataka kuitazama shida hiyo kwa utaratibu, maana mara nyingi sababu yake ni ndogo, na dawa yake i karibu.

Twaijua habari ya Waamuzi, sura ya 12. Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno Shibolethi. Mwefraimu alitamka Sibolethi, naye akakamatwa. Wa Efraimu walioanguka wakati ule walikuwa watu 42,000. Mlinzi wa kivuko hakutazama sura ya mtu. Alisikiliza sauti moja tu. Mlango wa tovuti ni kama mlinzi yule. Hauoni machozi yako, wala haujui ya kuwa jina lile ni lako kweli. Walinganisha herufi kwa herufi, basi. Kwa hiyo mtu akikataliwa asiulize, "Mbona wanichukia?" bali aulize, "Ni kitu gani kisicholingana?"

Kwanza, soma maneno ya kukataa hata mwisho. Wengi huona rangi nyekundu wakafadhaika, wasisome. Ikiwa yasema jina au neno la siri si sahihi, kosa li katika maandishi. Wala tovuti haisemi ni lipi kati ya hayo mawili, kusudi mwivi asijue amepatia nusu. Ikiwa yasema akaunti imefungwa kwa muda, ni kwa sababu umejaribu mara nyingi mno. Acha kubahatisha, ngoja muda uliotajwa. Lakini ukiona namba 500 au 503, kosa si lako. Mashine ya ofisi imeshindwa au imelemewa na watu, kama inavyotokea mara nyingi siku ya mwisho. Hapo kubadili neno la siri hakutakusaidia neno; rudi baadaye, usiku wa manane au alfajiri, watu wakiwa wachache.

Pili, zitazame herufi. Simu nyingi hupenda kuandika herufi ya kwanza kuwa kubwa bila kuulizwa, na kuongeza nafasi tupu baada ya neno. Kwa macho yetu "Amani" na "amani" ni neno moja. Kwa mlango ni mawili. Sifuri na herufi O hufanana. Kadhalika namba 1 na herufi ndogo l. Penye alama ya jicho, iguse upate kuona unachoandika, ukiisha kuhakikisha ya kuwa hakuna mtu nyuma yako. Tena, simu yaweza kukuandikia yenyewe neno la zamani ulilokwisha kulibadili; lifute lote, uandike kwa mkono wako.

Tatu, lihakikishe jina. Tovuti nyingine zataka anwani ya barua pepe, nyingine namba ya mtihani, nyingine namba ya simu. Aliyejiandikisha kwa namba inayoanza na 255 ya Tanzania, au 254 ya Kenya, huenda akakataliwa akiandika ile ianzayo na 0, ingawa simu ni ile ile.

Nne, itazame simu yenyewe. Ikiwa tarehe yake imepotea, labda kwa sababu betri ilitolewa, itakuonya ya kuwa tovuti si salama, maana hati za tovuti zina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Isahihishe tarehe kwanza. Tena, mtu aweza kuingia kisha akajikuta amerudishwa mlangoni pale pale, pasipo neno lo lote la kosa. Sababu yake mara nyingi ni vidakuzi kukataliwa. Kidakuzi ni kama cheti kidogo ambacho tovuti humpa aliyeingia, apate kutambulika kila afunguapo ukurasa. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape huko Marekani. Asiye na cheti huonekana mgeni kila hatua. Viruhusu vidakuzi, au ujaribu kwa simu nyingine ya nyumbani.

Tano, yote yakishindikana, omba neno jipya kwa kugusa mahali palipoandikwa umesahau neno la siri. Usiombe mara tano kwa haraka, maana mara nyingi ujumbe wa mwisho ndio peke yake ufunguao. Usipouona, tafuta katika sanduku la barua taka.

Wengine hukasirika wakiuliza, "Mbona wasinipe neno langu la zamani?" Jibu ni hili: tovuti iliyotengenezwa vyema haiweki neno lenyewe. Yaweka alama ipatikanayo kwa kulisaga neno hilo kwa hesabu. Mahindi yakiisha kuwa unga hayarudi kuwa punje. Basi hata mkubwa wa ofisi hawezi kukuambia neno lako, wala hana haja nalo. Mtu akupigiaye simu na kuliuliza, au kuuliza tarakimu ulizotumiwa kwa ujumbe, ni mwivi, hata kama anaanza kwa jina la Mungu.

Sasa tufike penye mzizi. Hayo matano ni majani tu. Vijana wengi hawakujiandikisha wenyewe. Walikwenda kwenye duka la steshenari, wakalipa, na mwenye duka akawafungulia akaunti kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, naye akaandika neno la siri alilopenda. Kijana alitoka na karatasi mkononi, akafurahi. Miezi ikapita, akatakiwa kuingia tena, na kumbe ufunguo hakuwa nao tangu siku ya kwanza. Tarakimu za kufungulia zaenda kwenye simu ya mtu mwingine, naye pengine amehama, au ataka alipwe tena. Hivyo mtoto aliyesoma kwa taabu, ambaye mama yake aliuza mbuzi apate ada, aweza kupoteza mwaka mzima.

Enyi wazazi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto akienda kujiandikisha, mwende pamoja. Kuomba msaada si aibu, lakini barua pepe iwe yake, namba ya simu iwe yake au yenu, na neno la siri aliandike yeye mwenyewe, mwenye duka ageuze uso. Lisiwe jina lake wala mwaka wake wa kuzaliwa. Kisha mliandike katika daftari, mkaliweke pamoja na vyeti vya ubatizo na hati za shamba. Laini ya simu ikipotea, irudisheni upesi, maana namba iliyoachwa yaweza kupewa mtu mwingine, naye atapokea tarakimu zenu.

Nanyi walimu wenzetu, kwenu tuna neno zito zaidi. Wako wanaompa mwenzao neno lao la siri ili awaandikie alama za wanafunzi. Wadhani ni upendo. Lakini likiandikwa jambo kwa jina lako, wewe ndiwe uliyeliandika. Alama ikigeuzwa, utaulizwa wewe. Desturi ya kuwapa watu wa kompyuta moja maneno ya siri ilianza katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na mwaka 1962 mwanafunzi wa hapo, Allan Scherr, akitaka saa nyingi zaidi za kuitumia mashine, aliichapisha orodha nzima ya maneno ya wenzake. Hata kufuli ilipokuwa mpya, ufunguo wa mwenzi ulitamaniwa. Mpende mwenzako kwa kumfundisha aingie kwa jina lake.

Basi, msingoje siku ya mwisho. Leo jioni, baada ya sala, kila mwenye akaunti nyumbani ajaribu kuingia, angali ana nafasi ya kuuliza na ofisi ziko tayari kujibu. Atakayekataliwa leo ana siku nyingi za kutengeneza. Atakayekataliwa siku ya mwisho ana saa tu.

Bwana alinde kutoka kwenu na kuingia kwenu.