Nesi Aliyesoma Nyumbani Apewe Cheo Chake



Katika mikutano yetu ya Kitale na Bungoma liko swali moja linalorudi kila mara. Manesi wenye diploma, wanaosoma digrii kwa masafa huku wakiendelea na kazi, watuuliza: "Nikimaliza nitapata kazi gani? Nitapandishwa cheo, au nitarudi katika wodi ile ile kwa mshahara ule ule?" Swali hili ni la haki, nasi hatutaki kulijibu kwa maneno matamu.

Kwanza na tumjue mtu tunayemsema. Ni mama au baba wa watoto, mwenye miaka mingi kazini. Hutoka zamu ya usiku, hulala saa mbili tatu, kisha hufungua masomo yake katika simu. Likizo yake huisha kwa mazoezi na mitihani. Karo hulipa mwenyewe, mara nyingi kwa mkopo wa chama cha akiba, nao hukatwa katika mshahara wake kila mwezi. Mtu huyu hachezi.

Wako wasemao kwamba digrii ya namna hii ni nusu digrii. Sisi twakataa. Anayempa nesi ruhusa ya kufanya kazi si jirani wala karani wa ofisi, ni Baraza la Wauguzi la Kenya. Chuo kikiwa kimekubaliwa na Baraza, na nesi akafaulu mitihani yake, basi amefaulu. Mgonjwa anayetokwa na damu hamwulizi nesi kama alisoma darasani au jikoni kwake.

Wala jambo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yalianzishwa masomo ya posta na redio pale Kikuyu, chini ya chuo kikuu cha Nairobi, na waalimu wa shule za msingi wakajisomea ili wapande daraja. Tena mwaka 2005 Baraza, Wizara ya Afya na AMREF walianza masomo ya kompyuta ili manesi wa cheti wapate diploma bila kuacha vituo vyao. Wakubwa wenyewe ndio waliowaambia manesi wasome hivi. Hawawezi leo kuwacheka waliotii.

Basi shida iko wapi? Shida ni nafasi na fedha. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa kaunti, na kuajiri na kupandisha vyeo ni kazi ya bodi ya utumishi ya kila kaunti. Kwa ngazi za utumishi, nesi wa diploma huanza kundi H, na mwenye digrii kundi K. Tofauti hiyo ni fedha za kila mwezi, na hapo ndipo barua zinapolala. Twamjua mwenzetu aliyepeleka hati zake zote akajibiwa angoje nafasi. Huku angali akingoja, yeye ndiye anayepewa wanafunzi awafundishe, na ndiye anayeachiwa wodi kuisimamia. Kazi ya digrii anaifanya. Mshahara wa digrii haupati.

Twakiri kwamba mfuko wa kaunti una mwisho. Lakini mwajiri anayepokea kazi bora bila kuilipia hawezi kusema hana fedha. Fedha hizo anazitoa mfukoni mwa nesi. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yasema kila mfanya kazi ana haki ya ujira wa haki. Haikusema ujira wa haki nafasi ikipatikana.

Wengine hutazama ng'ambo. Mwaka 2021 Kenya ilitia sahihi mapatano na Uingereza juu ya wafanya kazi wa afya, na mwaka 2024 mapatano ya kazi na Ujerumani. Hatumlaumu anayekwenda, ana watoto wa kulisha. Lakini twauliza: manesi waliosoma kwa jasho lao wakiondoka, ni nani atakayezalisha mama zetu kule Mlima Elgon na Cherangani? Kaunti inayokataa kumlipa nesi wake inamsomeshea mwajiri wa mbali.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kila kaunti iweke katika makadirio yake ya mwaka fedha za kupandisha waliomaliza masomo. Pili, anayepeleka hati ajibiwe kwa barua yenye tarehe, na foleni iwe wazi, asije mwenye mjomba ofisini akapita mbele. Tatu, maneno haya yaandikwe katika mapatano ya chama na mwajiri, yatiwe sahihi. Tusisahau mwaka 2017, manesi walipogoma karibu miezi 5 kwa ajili ya mapatano. Ahadi ya mdomo haijazi sufuria.

Na kwenu mnaosoma, shauri letu ni hili. Kabla ya kulipa karo hata shilingi moja, ulizeni Baraza kama chuo hicho na masomo hayo yamekubaliwa. Ombeni ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, mweke nakala. Mazoezi ya wodini msiyakate, maana hapo ndipo adui wa masomo haya hupata la kusema. Mkimaliza, pelekeni hati ofisini na nakala kwa katibu wa tawi siku ile ile, ili chama kijue ni wangapi wanaongoja.

Digrii haimpi mtu cheo peke yake. Huo ndio ukweli. Inampa haki ya kukidai. Mmoja akidai peke yake huambiwa angoje. Tukidai sote, Kitale na Bungoma, itabidi watujibu.

Umoja ni nguvu.