Neno "Ziada" na Wanaolitumia

Katika msamiati wa wasimamizi wa mali ya umma, hakuna neno lenye sura ya upole na makucha marefu kama "ziada". Kiwanja cha ziada, gari la ziada, mtumishi wa ziada: kila kilichobandikwa jina hilo kimekwisha kuuzwa kabla tangazo la mnada halijatoka. Leo nalifuata neno hili mahali ambapo wengi wetu hatukulitarajia, katika makabati ya matoleo ya kale ya waandishi wa Kilatini.

Mwaka 1892 Enriqueta Rylands, mjane wa tajiri wa pamba wa Manchester, alinunua maktaba ya ukoo wa Spencer huko Althorp. Earl Spencer wa pili alikuwa ametumia miaka mingi kuwinda matoleo ya mwanzo ya Virgil, Cicero na wenzao. Mwaka 1820 alinunua kwa mkupuo mmoja maktaba ya mwinyi wa Naples. Bibi Rylands hakuvifungia sebuleni. Alijenga jumba, na mwaka 1900 likafunguliwa kwa wasomaji. Tusisahau, hata hivyo, kwamba viwanda vya pamba vya Manchester vilinawiri kwa miongo mingi juu ya migongo ya watumwa wa Marekani. Mali iliyochumwa kwa jasho la wengi ilirudi, kwa sehemu ndogo sana, mikononi mwa wengi.

Mwaka 1972 maktaba hiyo iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 1988 chuo kikateua vitabu karibu mia moja, kikaviita nakala rudufu, kikavipeleka kwa Sotheby's. Wasomi walipiga kelele. Nyundo ya dalali ikagonga.

Rudufu ya nini? Katika matbaa za karne ya 15 na ya 16, mafundi walipanga herufi za madini moja moja, wakazipaka wino, wakakandamiza karatasi kwa mkono. Kosa lilipoonekana kazi ikiendelea, walisimama, wakalisahihisha, wakaendelea. Karatasi zilizokwisha kuchapwa hazikutupwa, maana karatasi ilikuwa ghali. Ziliunganishwa na nyingine na kujaladiwa. Kwa hiyo nakala mbili za toleo moja zaweza kutofautiana katika ukurasa uleule, na mhariri hulijua hilo kwa kuziweka mezani pamoja. Ongeza maandishi ya pambizoni ya mwanafunzi aliyekufa miaka mia nne iliyopita, mihuri ya wenyewe, na jalada linaloeleza kitabu kilipita wapi.

Aldus Manutius wa Venice aliuelewa uzito wa tofauti ndogo. Mwaka 1501 alimchapa Virgil kwa umbo dogo la kushikika mkononi na kwa herufi za mlazo, ili msomaji atembee naye. Wachapaji wa Lyon wakamghushi mara moja. Mwaka 1503 akatangaza orodha ya makosa yao ili wanunuzi wawatambue. Nao, mahodari wa hila, wakaitumia orodha hiyohiyo kusahihisha bidhaa yao ya wizi! Nani angeweza kuisimulia hadithi hii kama kila maktaba ingebakiza nakala moja na kuuza "ziada"?

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kipuuzi. Paa huvuja, wasoma Kilatini ni wachache, na fedha za mnada ule zilikusudiwa kugharimia utafiti. Lakini kuuza ushahidi ili kugharimia uchunguzi ni hesabu ya mkulima anayeuza mbegu anunue jembe. Paa hutengenezwa kwa bajeti ya kila mwaka; kitabu kilichoingia katika kasha la tajiri hakina bajeti ya kukirudisha.

Sina ugomvi na wakusanyaji. Bila wao vingi vingeozea vyumbani. Ugomvi wangu ni na sahihi inayovihamisha vya wote kuwa vya mmoja. Maktaba ya Girolamini ya Naples ilipoporwa na mkurugenzi wake mwenyewe, Marino Massimo De Caro, kashfa iliibuka mwaka 2012 baada ya wasomi kupaza sauti na maelfu kutia saini malalamiko. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo. Huyo alikosa kitu kimoja tu: muhtasari wa kikao. Rafu iliyo tupu haitofautishi kitabu kilichotoka usiku na kilichotoka kwa azimio.

Nawaambia watumishi wa umma wanaosoma hapa, ambao wanajua vema jinsi orodha ya "mali chakavu" inavyoandaliwa: kabla ya sahihi, orodha itangazwe kitabu kwa kitabu. Nakala zilinganishwe ukurasa kwa ukurasa na mtu asiye na maslahi katika mnada. Tofauti ziandikwe. Na yule aliyependekeza neno "ziada" aandike jina lake chini yake.