WABAYA NAO WANA MILANGO YAO

Kuna wenzetu wenye masomo wanaotuambia kwamba katika hadithi za wazee wetu kila mbaya alikuwa peke yake, na kwamba habari ya wabaya kuungana juu ya shujaa mmoja tumeiokota kwenye sinema za video. Hapana, bana. Wafungue buku.

Majirani zetu Wanyanga wa Walikale wanayo hadithi ya Mwindo. Shé-Karisi Rureke aliisimulia mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaitoa kitabuni mwaka 1969. Shemwindo, mkubwa wa Tubondo, hakutaka mtoto mwanamume. Mwindo alipozaliwa, babake akamrushia mikuki, akamzika, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Huko mtoni alikuwako Mukiti, mume wa shangazi yake Iyangura, na mtu wake Kasiyembe, ambaye alitega mashimo njiani. Baadaye Tubondo ikateketea, baba akakimbia chini ya ardhi kwa Muisa. Muisa aliposhindwa akahamia kwa Ntumba, kisha kwa Sheburungu. Kama huo si muungano, ni nini?

Lakini angalieni umefungwa kwa kamba gani. Si kiapo, wala mkutano wa usiku. Ni mlango wa mwenzake: mmoja anakimbia, mwingine anampokea. Tena kila anayempokea ana sheria zake mwenyewe. Muisa anampa Mwindo kazi ya kulima shamba la migomba, Sheburungu anamwita kwenye mchezo wa mbegu. Hakuna jeshi moja la wabaya.

Basi ninawalaumu pia wale wanaoifupisha hadithi hii kwa watoto: wabaya wakaungana, shujaa akawapiga, mwisho. Wanamfuta Kahindo (jina ambalo hapa kwetu unaliita sokoni na wanawake watatu wanageuka). Kahindo ni binti wa Muisa mwenyewe. Ndiye aliyemwonya Mwindo asikubali kiti cha babake wala pombe yake. Wanafuta pia kwamba Mwindo alimfufua Kasiyembe, akamfufua Muisa, na babake akabaki na sehemu ya utawala.

Mtaniambia ni mambo ya jikoni, ya usiku. Hapa Mavivi si ya usiku tu. ADF yenyewe ilianza mwaka 1995 kwa kuungana kwa vikundi mbalimbali, NALU kimojawapo, kila kimoja na sababu yake. Tangu mauaji yaanze upande huu mwezi wa Oktoba 2014, neno linalopita kila nyumba ni lile lile: «wameungana». Wameungana, nani na nani? Mlango gani ulifunguliwa? Hatuulizi. Tunanyoosha kidole juu ya jirani, ju ya ukoo wake, ju ya lugha yake, na mtoto aliyefundishwa hadithi bila Kahindo hawezi kufikiri kwamba ndani ya nyumba ile ile kuna mtu anayetaka kutuonya.